Vitabu vya Madhabahuni

Kwetu, kitu kikishawekwa madhabahuni hakirudi nyumbani. Makanisa mengine sijui yanafanyaje, na sitaki kuambiwa. Ila kanisa letu pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, lile tulilotoka nalo Bukavu na Uvira pamoja na sufuria na blanketi zetu, lilikuwa na desturi hiyo na hakuna aliyeichezea. Unaleta kitu, mchungaji anakiombea, anakimwagia mafuta kidogo, basi, kimekuwa cha Bwana. Kuna mama mmoja alitoa sufuria kubwa ya kupikia wageni wa sikukuu. Baadaye akaozesha binti yake, akaomba aiazime siku moja tu apikie wali wa arusi. Wakamkatalia. Sufuria yake mwenyewe, jameni! Ilibidi aazime kwa jirani Mwislamu, na ile ya Bwana ikabaki imelala nyuma ya mimbari. Tulimcheka sana yule mama, na mimi nilicheka kushinda wote.

Mimi ni fundi wa nguo. Bukavu nilisoma karibu nimalize sekondari, vita ikanikata katikati, na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikajikuta Malawi, mtu mzima anayejifunza upya kusema asante: zikomo, zikomo, kutwa nzima. Nyumba yangu ilikuwa ya matofali ya udongo kama nyumba zote za pale, lakini jioni nyuma yake kulikuwa na kivuli kizuri, na pale kwenye kivuli njo mambo yote yalianzia. Wamama waliniletea nguo za kushona na kuniachia watoto. Watoto wanavuta nyuzi, wanafinyana, wanalia. Siku moja nikachoka nikawapa kitabu wanyamaze. Watu wa kanisa walipokuja kunisifu baadaye eti nilipewa mzigo na Roho, nilikuwa nawaacha waseme. Nilitaka kimya tu.

Kile kitabu kikaita vingine. Kila nilipokwenda Lilongwe mjini, soko la Area 25, kuuza sare za shule nilizoshona, nilichungulia kwenye mafungu ya mitumba nikarudi na kimoja: mara cha Kichewa, mara cha Kiingereza, vingi havina jalada, kimoja kimeliwa pembeni na panya. Mrundi mmoja aliyepata safari ya kwenda Kanada akatuachia vya watoto wake. Jirani akaleta mkeka. Mwingine akaleta uji kila alipokuwa na unga. Ikawa kazi ya mtaa. Walikuja wetu, walikuja Wakatoliki, walikuja watoto wa Kiislamu na kofia zao, na mimi huku nakanyaga cherehani huku nasikiliza nani amekosea. Akikosea mtu napiga kelele bila kusimamisha mguu. Nina mdomo mbaya, hilo Dzaleka nzima inajua.

Kati yao kulikuwa na msichana wa watu wa Fizi, wa miaka kumi hivi, aliyekuwa anakaa kwa baba yake mdogo. Yule baba alikuwa mkulima tangu kwao, na hapa alikodi kipande cha shamba karibu na kijito akapanda nyanya. Msichana alikuwa anarudia darasa la pili. Kichewa alikiongea kunishinda mimi, lakini herufi zilimkataa kabisa. Anaangalia ukurasa, macho yanajaa machozi, anaukunja uso, anaangalia tena. Hakuwa mtu wa kuacha.

Jioni moja baba yake mdogo akaja, akakaa kwenye kibao changu.

“Mama, mi sina roho mbaya,” akasema. “Lakini kama mwaka huu unaisha na hajajua kusoma, nitamuondosha kwa masomo. Kwa nyanya kuko kazi, na mi niko peke yangu.”

Nikawaka. Nikamwambia mtoto si jembe. Akanyamaza hadi nikamaliza, na mimi nikiona mtu hajibu huwa naishiwa nguvu. Mwisho nikamwambia kwa upole: “Papa, nipe huu mwaka. Atasoma, mi niko hapa.”

“Huu mwaka basi,” akasema. Akaniachia nyanya za mboga akaenda zake.

Kwa hiyo nilijua ninachotafuta. Msichana yule asome kabla shule haijafunga mwaka, la sivyo anakwenda shambani na harudi. Na alikuwa ameanza! Alikuwa ameshaacha kukisia. Alikuwa anaunganisha maneno mafupi, anapumzika, anaunganisha tena, na akifika mwisho wa sentensi ananiangalia kama mtu aliyebebeshwa mzigo na hakuuangusha.

Ni wakati huo huo nilipokutana na mama mmoja wa Area 49. Alikuwa mteja wangu pale sokoni Area 25, Mmalawi, mzee wa kanisa kwao, mtu mpole anayeuliza maswali yake taratibu. Aliona kitabu kimechomoza kwenye kapu langu katikati ya sare, akauliza cha nini. Nikamsimulia. Alisikiliza yote amesimama juani, na wiki chache baadaye akanialika kanisani kwao nikasimulie tena. Nilivaa kitenge changu cha kuvuta macho, nikaenda. Hawakuniuliza vita ilikuwaje wala nililia mara ngapi. Waliniuliza watoto wanapenda kusoma nini. Halafu yule mama akasimama akawaambia wenzake kwamba hawataanzisha jambo jipya Dzaleka, wala hawatajenga kitu na kukiandika jina lao. Kuna kazi iko tayari inafanywa na wenyewe, wataitia nguvu hiyo. Nilitoka pale nikalia kituoni, watu wananiangalia.

Sharti lao lilikuwa moja, na lilikuwa la heshima: vitabu vipitie kanisani kwetu, kanisa kwa kanisa, isionekane wamemruka mchungaji. Nikasema hakuna shida. Nilikuwa nimevimba kwa furaha, ningekubali hata vipitie kwa kuhani mkuu.

Siku ya kuvipokea, kanisa lilijaa mpaka nje. Maboksi yalikuwa mazito, vitabu vipya vyenye harufu ya dukani, vya Kichewa na vya Kiingereza, vya wadogo na vya wakubwa. Mchungaji wetu, mtu wa Uvira, mpole, anayefyatua matofali kama mtu mwingine yeyote wiki nzima, alikuwa na machozi. Akaniambia, “Dada, leta na bile bya zamani, tubibariki byote pamoja.” Nikakimbia nyumbani nikavileta, hata kile cha panya. Kwaya ikaanza. Sisi wamama tukabeba maboksi kichwani tukaingia tunacheza, hatua mbele, hatua nyuma, vigelegele, na mimi ndiye niliyetangulia. Nilicheza mpaka kitenge kikataka kudondoka. Mchungaji akaomba maombi marefu, akamwaga mafuta. Wageni wakapiga makofi, wakala nsima, ndio ugali wa huku, na kuku, wakarudi Lilongwe.

Walipoondoka tu nikachukua beseni langu nikaingia kanisani kuchukua vitabu. Nikamkuta mama shemasi, yule mwenye kutunza madhabahu, anavifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma.

“Unaenda wapi na beseni?”

“Kuchukua vitabu vya watoto.”

Akaniangalia kama anayemwangalia mtu aliyepandisha homa. “Mama, hizi zimewekwa wakfu. We ulikuwepo. We njo ulikuwa unacheza mbele.”

Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Nikaenda kwa mchungaji mbio, beseni mkononi. Akajikuna kichwa.

“Dada, desturi unaijua.”

“Nilijua ya sufuria! Ya vitabu sikujua!”

“Mafuta nilishamwaga,” akasema kwa huzuni ya kweli. “Nitayazoa na nini?”

Unaweza kucheka. Mimi mwenyewe nikiisimulia kwa wageni nacheka mpaka hapo. Lakini mkeka wangu ulikuwa mtupu. Hata vile vikuukuu nilivyovinunua kimoja kimoja vilikuwa chini ya kile kitambaa, na watoto walikuja jioni ile wakakaa wakaningoja.

Wazee wakakaa kikao, wakatafuta njia. Walidhani wamepata njia nzuri, na hawakuwa watu wabaya, hilo lazima niseme. Vitabu havitatoka kanisani, lakini watoto wanaweza kuja Jumamosi wavisomee pale mbele. Wavue viatu. Wasichana wafunge vitambaa kichwani. Na kila mmoja anawe mikono, mama shemasi amkague mlangoni. Wazazi Waislamu wakatuma salamu nzuri na shukrani, watoto wao wakakaa nyumbani. Wa Kikatoliki wakaja mara moja wakaogopa. Waliobaki walikuwa wetu, na walikaa wamenyooka mgongo kama wako kwenye msiba.

Sasa, mtu ambaye hajafanya kazi ya nyanya hajui. Ule mti wa nyanya ukiugusaugusa unaacha rangi mkononi, kijani mwanzoni, halafu nyeusi, inaingia kwenye mistari ya kiganja na chini ya kucha. Sabuni haiitoi mara moja. Msichana wangu alikuwa anashinda shambani Jumamosi asubuhi, kisha anakuja mbio. Mama shemasi akamshika mikono, akaigeuza juu, akaigeuza chini.

“Rudi ukanawe.”

Akaenda. Akarudi amejisugua kwa mchanga mpaka ngozi imekuwa nyekundu, na weusi upo vile vile. “Rudi, mwanangu. Hizi ni vitu vya Mungu, haishikwi na mikono chafu.” Hakusema kwa ukali. Alisema kwa sauti ile ile ya kumwambia mtoto ajifunike asipate baridi. Wenzake walikuwa wamekaa ndani wanamwangalia.

Nilipopata habari niliacha suruali ya mtu kwenye cherehani nikaenda kusimama uwanjani mwa kanisa. Niliyosema siyarudii. Nilimwambia mama shemasi kwamba nyanya zile zile zilizomchafua mtoto anazila kila siku na maharage. Wazee wakaniita, wakaniketisha, wakaniambia hasira yangu ina mzizi usio wa Mungu, wakanisimamisha kwaya. Nikatoka pale nimeumia, na mtoto hakufaidika chochote na kelele zangu.

Nikajaribu nyumbani. Nilimwandikia maneno kwa chaki ya fundi kwenye vipande vya kitambaa cheusi. Alikuja mara ya kwanza, akaja ya pili. Halafu akaanza kukaa mbali kidogo, pale kivuli kinapoishia. Nikimwambia sogea, anasema niko sawa, mama. Mwaka wa shule ulikuwa unakwenda. Baba yake mdogo akipita ananisalimia tu, haulizi kitu, na mimi nilitamani aulize ili nipate mtu wa kugombana naye.

Ndipo ikatangazwa kwamba wageni wa Area 49 wanarudi kuona kazi ya vitabu inaendeleaje.

Lo! Kanisa likapakwa chokaa. Kitambaa cheupe kikafuliwa. Mchungaji akaja kwangu mwenyewe, akanirudishia kwaya, akaniomba nitafsiri kwa kuwa wageni wananijua. Nikamwambia, “Wakiuliza watoto wanasoma nini, nitafsiri nini?” Akaangalia cherehani, akaaga.

Nilikuwa nimepania kusema yote mbele ya wageni. Halafu nikamwona yule mama anashuka kwenye gari amevaa sare ya kanisa lao, anafungua mikono, ananiita dada yangu, na maneno yakanikauka. Nianzie wapi? Nimwambie kwamba vitabu alivyozunguka kuviomba kwa watu vimelala chini ya kitambaa? Kwamba sisi, watu tunaolalamika kila siku kwamba tunadharauliwa, tumeweka watoto wetu wenyewe mlangoni tukawakagua kucha? Niliona aibu kwa ajili ya kanisa langu kama mtu anavyoona aibu mlevi wa kwao akianguka mbele ya wakwe. Nikatafsiri salamu, nikatafsiri nyimbo.

Hotuba zilipokwisha, yule mama akainuka mwenyewe, akaenda mbele, akainua pembe ya kitambaa, akatoa kitabu kimoja. Akakipindua. Kilikuwa kipya kama siku alipokileta. Akatazama watu, na macho yake yakamwangukia msichana aliyesimama mlangoni, na alikuwa ni wangu, ametoka shambani kuona wageni.

“Bwera, mwana wanga,” akamwita. Njoo, mwanangu.

Msichana akaja. Alivua viatu bila kuambiwa. Yule mama akamnyoshea kitabu, na msichana akarudisha mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Watu wakacheka kidogo, vile watu wanavyocheka haya ya mtoto. Yule mama akatabasamu, akakisogeza tena. Msichana akarudi nyuma hatua moja akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo, “Mi siko msafi.”

Yule mama akanigeukia. “Akuti chiyani?” Anasemaje?

Mchungaji alikuwa ananiangalia. Alikuwa ananiomba kwa macho, na nilimwelewa, kwa sababu na mimi nilikuwa natafuta neno jingine. Anaona haya. Amefurahi mno. Lilikuwepo neno la kutuokoa, watu wazima wote tuliokuwa mle ndani, na mtoto asingejua. Lakini Kichewa anakijua! Angenisikia nikimfuta. Nikatafsiri alichosema, na kwa nini alisema, na nyanya, na mlango, na kitambaa.

Nilitegemea hasira. Ningeshukuru kwa hasira, maana hiyo naijua. Yule mama akapiga goti mbele ya mtoto, kitabu chake mkononi, pale pale kwenye sakafu ya udongo na sare yake, akasema, “Pepani.” Samahani. Kisha akaniuliza taratibu kama kuleta vitabu ndiko kumemfanyia mtoto hivi, kama ni wao waliokosea. Nilishindwa kutafsiri. Hakuna aliyehitaji tafsiri. Mama shemasi alikuwa amejifunika uso kwa pembe ya kitenge.

Mchungaji akasimama. Akaenda madhabahuni, akakiondoa kitambaa, akakumbatia vitabu vingi kadiri alivyoweza, akiwa amevaa koti lake la Jumapili. “Kama kuko dhambi,” akasema, “itakuwa yangu.” Akatoka navyo mlangoni akaelekea nyumbani kwangu. Wamama wakainuka wakabeba vilivyobaki. Hakuna aliyeimba. Tulipita katikati ya mtaa, watu wametoka kwenye milango yao kutuangalia, na mimi nikiwa na kile kilicholiwa na panya.

Basi vitabu vikarudi mkekani, watoto wakarudi, hata wale wa kofia. Mama shemasi mwenyewe akaja na uji, na yule mama wa Area 49 alikuwa anatuletea vingine moja kwa moja uani bila kupitia kwa mtu. Na msichana akaja. Alikaa mbele kabisa, karibu na cherehani, akaweka mikono chini ya mapaja akaikalia.

“Fungua, mama,” akaniambia.

Nikafungua. Akasoma ukurasa, pole pole, neno kwa neno. “Geuza, mama.” Nikageuza. Nilimpa kitambaa chenye maji, akafuta mikono, akashukuru, akaikalia tena. Nilimwambia hata bustani ya kwanza Mungu aliipanda kwa udongo. Alicheka sana, alikuwa na kicheko kizuri, lakini mikono haikutoka. Nilipaza sauti, nikabembeleza, nikamshika mkono kwa nguvu nikauweka juu ya ukurasa, akauvuta nikauachia. Mwisho nikawa nasimamisha cherehani kila dakika namgeuzia. Na alisoma, jamani. Kila siku zaidi. Baba yake mdogo alikuja jioni moja akamsikiliza kitabu kizima kutoka mlangoni, akavua kofia yake akanipa mkono, akasema shambani atatafuta kibarua.

Mwaka ulipofungwa nikaenda shuleni pamoja naye kusikia matokeo. Alikuwa amepita. Mwalimu wake, Mmalawi kijana, alinifuata mpaka getini kunipongeza, akidhani mimi ni mama yake. Alisema siku ya mtihani wa kusoma watoto wengine walimpokonya yeye mwalimu kitabu mkononi, lakini huyu alisimama kimya, mikono nyuma, akangoja mwalimu amfungulie na amgeuzie. Hakukigusa hata mara moja.

“Umemfundisha adabu sana,” akaniambia.

Nikasema zikomo, mwalimu, na sikuweza kumwangalia usoni.